Pawasaplai ya transfoma kwa amplifaya ndogo: niliongeza kapasita, mlio ukazidi

KofiaYaWaya (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Wikendi mbili zimeniishia kwenye boksi moja la bati, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nalileta hapa ili anayetaka kujenga pawasaplai ya transfoma asipite nilikopita mimi.

Mradi ni mdogo. Amplifaya ya stereo, IC (chipu) mbili za amplifaya aina ya LM1875, kila chaneli wati 20 hivi kwenye spika ya omu 8. Nilitaka umeme wa kizamani: transfoma, daraja la diodi linalogeuza umeme geu (AC) kuwa mkondo mnyoofu (DC), kapasita kubwa mbili, basi. Kitu ambacho kikiharibika nakiona kwa macho.

Hesabu nilianzia kwenye spika. Wengi huanza na transfoma waliyoiokota kabatini, halafu wanailazimisha. Wati 20 kwenye omu 8 zinataka kilele cha volti 18 hivi na ampea 2.2. IC yenyewe inakula volti tatu au nne kabla sauti haijafika kwenye spika. Kwa hiyo upande wa chanya na upande wa hasi kila mmoja uwe na volti 22 wakati muziki umepamba moto. Nikachagua transfoma ya 18-0-18, yaani volti 18 kila upande wa waya wa katikati (senta). Ukizidisha 18 kwa 1.414 unapata 25.5, toa volti moja ya diodi, inabaki 24.5. Ikilemewa inashuka kuelekea 22. Bila mzigo inapanda, yangu ilisoma 27. LM1875 ukomo wake ni volti 60 kutoka chanya hadi hasi, maana yake 30 kwa 30, nikaona niko salama.

Kapasita niliweka 4700 µF (mikrofaradi) kila upande, za volti 50. Za 35 zingetosha kwenye karatasi, ila umeme wa ukutani ukipanda asilimia 10 na transfoma haina mzigo, unakuwa umekaribia mno ukingo.

Nikawasha. Muziki safi kabisa. Lakini chini yake kuna mlio kama nyuki ndani ya chupa. Volyumu nikiipeleka sifuri, nyuki yupo palepale.

Nikajisemea, kapasita hazitoshi. Kanuni naijua: mawimbi yanayobaki kwenye DC ni mkondo ugawe kwa (mara mbili ya hezi za umeme, mara ujazo wa kapasita). Kwa umeme wa hezi 50, ampea moja na 4700 µF, yanabaki volti 2.1. Nikaweka 10,000 µF, ikawa volti 1. Nyuki akabaki. Nikaongeza nyingine sambamba, jumla 20,000 kila upande. Nyuki sasa akawa mkali zaidi, ana ncha. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, kwa sababu mita iliniambia mawimbi yamepungua wakati sikio linaniambia yameongezeka.

Vyote viwili vilikuwa kweli. Kapasita ya chanya ilikuwa kwenye kibao kimoja, ya hasi kwenye kibao kingine, na miguu yao ya graundi (volti sifuri) niliiunganisha kwa waya mwembamba wa sentimita 12. Graundi ya ingizo la sauti niliichukua kwenye kapasita ya chanya kwa sababu ilikuwa karibu. Graundi ya spika niliichukua kwenye kapasita ya hasi kwa sababu ile nayo ilikuwa karibu na spika. Ule waya wa katikati ndio nyumba ya nyuki.

Diodi hazipitishi umeme muda wote. Zinafunguka kidogo tu pale wimbi linapofika kileleni, kama milisekunde moja na nusu katika kila kumi, na ndani ya muda huo mfupi lazima zirudishe umeme wote ambao amplifaya imekula. IC zangu mbili zikiwa zimetulia zinavuta kama miliampea 140, lakini mshindo wa kuchaji, yaani ule mkondo wa ghafla, unafika ampea moja na nusu. Waya ule wa milimita mraba 0.5 una kama miliomu 4 kwa urefu huo. Zidisha, unapata milivolti 6 zinazogonga mara 100 kwa sekunde kati ya graundi ya ingizo na graundi ya spika. Amplifaya inazidisha mara 20 na kitu. Zaidi ya volti 0.1 kwenye spika! Hiyo unaisikia ukiwa chumba cha pili.

Na nilipoongeza kapasita, diodi zikawa zinafunguka kwa muda mfupi zaidi, basi mshindo ukawa mkubwa zaidi. Nilikuwa nanunua nyuki.

Dawa ilikuwa waya. Kapasita zote mbili zimekaa kibao kimoja, miguu ya graundi imeshikana kwa kipande kinene cha shaba cha sentimita mbili. Katikati ya kipande hicho umetoka mguu mmoja mfupi kama herufi T, na mwisho wa mguu huo ndipo penye nyota: graundi ya spika, graundi ya IC, graundi ya ingizo, kila moja na waya wake. Nimerudisha 4700 zilezile za mwanzo. Kimya. Naweka sikio kwenye spika nasikia pumzi zangu.

Karibuni mnikosoe.

---

Kaptura

Mkuu heshima yako. Mimi nina kidonda kibichi. Nilijenga ya TDA2030, IC nyingine ya amplifaya, transfoma 15-0-15, zimekufa IC mbili ndani ya dakika moja, moja imepasuka mgongo. Hesabu yangu 15 ni chini ya 18 na karatasi ya IC inasema ±18. Sasa shida ni nini?

---

KofiaYaWaya

Pole sana Kaptura. Ile 15 iliyoandikwa kwenye transfoma ni ya AC. Ikipita kwenye diodi na kapasita inakuwa 15 × 1.414 = 21.2, toa volti moja, umebaki na 20 na ushee. Na hiyo ni transfoma ikiwa imebebeshwa mzigo wake wote. Ikiwa imekaa bure inapanda tena, hasa hizi ndogo, asilimia 15 si ajabu. IC zako zilikuwa zinakula zaidi ya 22 mahali pa 18.

Angalia herufi ya mwisho. TDA2030 tupu ukomo wake ±18. TDA2030A ni ±22. Ukiweka 12-0-12 kwenye ile yenye A unalala usingizi. Kwenye ile tupu hata 12-0-12 bila mzigo inaweza kugusa 18, mimi ningeshuka hadi 9-0-9 nikubali wati chache.

---

MzeeKoili

Vijana hamjambo. Uzi mzuri, ila naweka sawa mambo mawili kabla hayajaota mizizi.

La kwanza. Watu wakisoma habari ya mshindo wa kuchaji watakimbilia kunenepesha waya wa senta ya transfoma. Kwenye daraja moja lenye senta, mzigo wa chanya na wa hasi ukiwa sawa, mshindo unatoka ncha moja ya transfoma, unapita diodi, unaingia kapasita ya chanya, unavuka kwenda kapasita ya hasi, unarudi ncha ya pili. Waya wa senta unabeba tofauti tu ya pande mbili. Anayebeba mzigo wote ni kile kiungo kati ya kapasita na kapasita. KofiaYaWaya amelipata hilo kwa kuumia, na amelieleza vizuri, lakini hakulisema wazi.

Ndiyo maana ukiwa na transfoma yenye koili mbili za kutokea zilizotengana kabisa, unaweza kutumia madaraja mawili, moja kwa kila koili. Hapo mshindo wa chanya unazunguka kwenye kitanzi chake na wa hasi kwenye chake, na kiungo cha graundi hakibebi mshindo wa yeyote. Gharama yake ni volti moja nyingine inayopotea kila upande, kwa sababu umeme sasa unapita diodi mbili. Kwa amplifaya ya volti 25 hiyo si kitu. Kwa ya volti 9, fikiri mara mbili.

La pili ni usalama, nitarudi nikipata miwani yangu.

---

KofiaYaWaya

Shikamoo mzee. Nimekubali, na nimejifunza. Yangu ina senta ya ndani, haitenganishiki, ndiyo maana nilibaki na daraja moja.

---

NuruMapema

Habari zenu. Mimi ni mgeni kwenye mambo haya, nimeshajenga amplifaya ndogo ya betri tu, ya IC ya LM386. Nimepata transfoma ya duara ya VA (volti-ampea) 80, nyaya nne za kutokea, hazina senta. Imeandikwa 18 V mara mbili. Senta naipataje? Na VA 80 inatosha kwa mradi kama wa mtoa mada?

---

KofiaYaWaya

Dada Nuru, unaitengeneza mwenyewe. Mwisho wa koili ya kwanza unaunganisha na mwanzo wa koili ya pili, hapo ndipo senta. Usiamini rangi za nyaya kwa macho. Kabla hujaweka diodi yoyote, unganisha, washa kupitia balbu (nitaeleza chini), halafu pima AC kati ya ncha mbili zilizobaki. Ukisoma 36 na zaidi kidogo umepatia. Ukisoma karibu na sifuri koili zinapingana, geuza moja. Kwa mfululizo kukosea hakuunguzi kitu. Kwa sambamba kukosea ni shoti moja kwa moja, usijaribu kubahatisha.

VA 80 inatosha. Ukipiga wimbi moja refu kwa nguvu zote chaneli mbili, amplifaya itavuta kama wati 70 za DC, na transfoma itaona zaidi ya hapo kwa sababu ya ile mishindo. Lakini hakuna muziki unaokaa kileleni saa nzima. Kanuni yangu: jumla ya wati za spika mara mbili. Wati 40, VA 80.

Balbu: balbu ya waya wa moto wati 60, ile ya zamani inayopata joto. Ya LED haifai kabisa. Iweke mfululizo kwenye laini ya moto inayoingia kwenye transfoma. Ukiwasha, balbu inawaka ghafla wakati kapasita zinajaa, kisha inafifia hadi inakaribia kuzima. Ikiendelea kung'aa, zima, kuna shoti mahali. Badala ya kupasuka IC, imewaka balbu.

---

SwichiTu

Nawasoma nacheka. Mwaka gani huu? Chukua kibao cha amplifaya cha TPA3116, adapta ya laptop ya volti 19, unganisha waya mbili, sikiliza muziki. Nyie mnabeba kilo mbili za chuma kwa wati 20.

---

KofiaYaWaya

Sikupingi. TPA3116 inakubali 4.5 hadi 26 na umeme wa upande mmoja, adapta nzuri inaibeba bila tabu. Kama mtu anataka muziki tu leo jioni, afuate ushauri wako.

Ila LM1875 na wenzake wanapendeza kwenye umeme wa pande mbili, na hapo adapta zinaanza ujanja. Watu hupanga adapta mbili mfululizo ili wapate chanya na hasi. Kama hasi ya adapta imeunganishwa na waya wa ethi (ule wa usalama unaoshuka ardhini) ndani, na nyingi za pini tatu ziko hivyo, ukizipanga mbili unakuwa umepiga shoti ile ya chini kupitia ethi ya ukutani. Pima kwanza kati ya hasi na pini ya ethi, bila kuchomeka ukutani.

---

SwichiTu

Hiyo ya ethi sikuijua, na nilikuwa nimeshapanga kufanya hivyohivyo kesho. Nimekaa chini.

---

MzeeKoili

Miwani imepatikana.

Transfoma ya duara inashikwa na bolti moja katikati. Bolti hiyo iguse bati la chini tu. Ukifunika boksi na kichwa cha bolti kikagusa bati la juu, umeme una njia: bolti, bati la juu, ubavu, bati la chini, bolti. Hiyo ni koili ya mzunguko mmoja iliyopigwa shoti, na inapita katikati ya transfoma kama koili nyingine yoyote. Fyuzi ikate, au transfoma ichemke hadi inuke. Nimeiona kwa fundi mzoefu kuliko mimi. Boksi lilikuwa wazi mezani kila kitu kizuri, akafunga kifuniko, fyuzi ikakata. Akafungua, akabadilisha fyuzi, ikadumu. Alihangaika siku mbili na mchezo huo.

Fyuzi iwe upande wa ukutani, laini ya moto, kabla ya swichi. Ya polepole, kwa sababu transfoma ya duara inavuta kwa pupa inapoamka. VA 80 kwa volti 230 ni ampea 0.35, miliampea 630 zinatosha. Kwa walio na volti 120, ampea 1.25. Transfoma ya VA 300 kwenda juu inataka kifaa cha kuamsha taratibu; yako haihitaji.

Waya wa ethi wa ukutani unaenda kwenye bati, kwa skrubu yake peke yake, rangi imekwanguliwa chini yake. Skrubu hiyo haishiki transfoma, haishiki kitu kingine. Mtu akikwambia kata ethi mvumo utaondoka, ni kweli utaondoka, na siku waya wa moto ukigusa bati utaondoka wewe.

---

Kaptura

Mzee umenitisha. Kapasita je? Nilizima, nikasubiri kidogo, nikagusa kwa bisibisi, cheche ikanichomoa chozi.

---

KofiaYaWaya

Weka rezista ya kumwaga sambamba na kila kapasita. Mimi nimeweka 2.2 kΩ ya wati 1. Kwa volti 25 inapitisha miliampea 11, inapata joto kidogo tu la robo wati, na kapasita ya 10,000 µF inashuka hadi karibu sifuri ndani ya dakika mbili. Ukiwa na 4700 ni chini ya dakika. Taa ndogo ya LED na rezista yake pia inasaidia kumwaga, lakini karibu na volti 2 inazima na kuacha mabaki, usiitegemee peke yake.

Na polariti, jamani. Kwenye upande wa hasi, mguu CHANYA wa kapasita ndio unaenda graundi. Nilishaona mtu ameweka zote mbili zikitazama upande mmoja kwa sababu zinapendeza kupangwa hivyo.

---

Bwana_Stabilaiza

Mbona hamsemi kuhusu reguleta, IC zinazoshikilia volti zisibadilike? LM317 na LM337 zingemaliza mambo yote haya, mawimbi yangeisha kabisa.

---

KofiaYaWaya

Kwa IC ya nguvu sioni haja. Karatasi ya LM1875 inataja desibeli 94 za kukataa mawimbi ya umeme. Volti 2 za mawimbi zikipunguzwa kiasi hicho zinabaki mikrovolti 40. Hakuna sikio la kuzisikia. Nyuki wangu hakuingia kupitia mlango huo, aliingia kwa graundi, na graundi haina reguleta. Ungeweka LM317 ukaacha ule waya wa sentimita 12, ungekuwa na nyuki aliyereguletiwa.

Tena LM317 ni ya ampea 1.5, na kila volti inayoikata inageuka joto. Vilele vyetu ni ampea 2.2 kwa chaneli.

Reguleta inapofaa ni kwenye priamplifaya, ile hatua ndogo kabla ya amplifaya ya nguvu. 7815 na 7915 kutoka kwenye ile 25, kwa miliampea 30, ni theluthi ya wati tu, hata hitisinki haihitajiki. Kuwa macho: miguu yake haifanani. 7815 ukiitazama usoni ni ingizo, graundi, tokeo. 7915 ni graundi, ingizo, tokeo. Na mgongo wa 7915 ni ingizo lake, kwa hiyo ukizifunga zote mbili kwenye bati moja bila maika (karatasi ya kuzuia umeme) umeshaharibu.

---

Bwana_Stabilaiza

Sawa kiongozi. Nilikuwa nimezoea pawasaplai za maabara.

---

NuruMapema

Nimerudi na habari. Nimejenga kama mlivyosema, T ya shaba, nyota, rezista za kumwaga, balbu. Koili nilipima nikapata 38, nikafurahi. Pawasaplai peke yake: balbu iliwaka, ikafifia, nikapima +26.3 na −26.2. Nikaunganisha vibao vya LM1875. Balbu imewaka na IMEKATAA kufifia. Nimezima. Nilichomoa kibao cha kushoto, bado. Nikachomoa na cha kulia, ikafifia. Vibao vyote viwili vibovu kweli? Ni vipya.

---

MzeeKoili

Binti, IC umezifungaje kwenye hitisinki?

---

NuruMapema

Kwa skrubu na ile mafuta nyeupe ya joto. Hitisinki imefungwa kwenye boksi.

---

MzeeKoili

Mgongo wa LM1875 umeunganishwa na mguu wa volti hasi. TDA2030 na TDA2050 vilevile. Umepeleka −26 kwenye bati, na bati lina graundi. Weka maika kila IC, na kikombe cha plastiki kwenye skrubu, kisha pima omu kati ya mgongo na hitisinki kabla ya kuwasha. Vibao vyako vizima, balbu imevilinda.

---

NuruMapema

Maika zimewekwa. Mita inaonyesha hakuna muunganiko. Nimewasha, balbu imefifia, nikapima DC kwenye tokeo la kila IC bila spika: milivolti 9 na milivolti 14. Nikaweka spika mbovu kwanza kwa woga, halafu nzima. INAIMBA!

Sasa swali la mwisho. Nikiziba ingizo kwa kupiga shoti pini zake, kimya kabisa. Nikichomeka simu, kimya. Nikichomeka laptop, kuna mvumo. Si nyuki wenu. Ni mzito, laini, kama friji ya jirani.

---

KofiaYaWaya

Hongera sana! Na umefanya vipimo ambavyo mimi nilichelewa kuvifanya. Nyuki mwenye ncha ni hezi 100, anatoka kwenye kuchaji kapasita. Mvumo laini ni hezi 50, mara nyingi ni uga wa sumaku wa transfoma unaonaswa na waya wa ingizo, au kitanzi cha ethi. Kwa walio na umeme wa hezi 60, mvumo ni 60 na nyuki ni 120. Laptop ikiwa kwenye betri bila chaja, mvumo upo?

---

NuruMapema

Hakuna. Nikichomoa chaja unakatika palepale.

---

KofiaYaWaya

Basi ni kitanzi. Ethi ya chaja inapita laptop, inapita waya wa sauti, inaingia graundi yako, inashuka kwenye bati na kurudi ukutani. Ethi ya bati usiiguse, mzee ameshasema. Unachovunja ni kiungo kati ya nyota na bati: mahali pa waya mtupu weka rezista ya omu 10, na sambamba nayo daraja la diodi la ampea 25 au 35, pini za + na − zimepigwa shoti pamoja, kisha nyota kwenye pini moja ya AC na bati kwenye nyingine. Milivolti za kitanzi zinakutana na omu 10 na kuchoka. Siku ya hitilafu, diodi zinafunguka na mkondo unashuka ethi kama kawaida, fyuzi inakata. Soketi za ingizo lazima zisiguse bati, vinginevyo utakuwa umeiruka rezista yote.

---

MzeeKoili

Na ujaribu kuizungusha hiyo transfoma kwenye bolti yake nyuzi kidogo kidogo, kila mara uwashe tena na uweke sikio kwenye spika. Zima kabla ya kuigusa. Kuna mahali uga wake unaangalia pembeni.

---

NuruMapema

Soketi moja kweli ilikuwa inagusa bati, pete (washa) ya plastiki ilipasuka nilipokaza. Nimebadilisha, nimeweka omu 10 na daraja. Laptop ikiwa kwenye chaja sasa nasikia tu feni yake. Transfoma nimeizungusha kama robo duara, nikaweka alama ya kalamu mahali pake. Balbu nimeiondoa leo asubuhi, fyuzi ni 630 ya polepole. Inaimba tangu saa hizo, hitisinki ni vuguvugu tu.

---

Kaptura

Dada Nuru, tafadhali weka picha ya hiyo T ya shaba. TDA2030A nne zimefika, na transfoma ya 12-0-12.